Ukuta wa Saa Nne

Kila siku saa nne kamili asubuhi, ukuta ulijengwa ndani ya nyumba ile. Saa tano ukabomolewa. Hakuna aliyeuona kwa macho, lakini kipimo cha fundi kiliuona: mtandao uliokuwa ukimiminika kama maji ya bomba uligeuka matone, na kamera nne za ulinzi zikapofuka kwa pamoja.

Umeme haukukatika. Ruta za kusambaza mtandao hazikuzimika. Fundi alishalisogeza friji, akahamisha kabati la kioo, akabadilisha masafa, akabadilisha hata ruta yenyewe. Hii ilikuwa safari yake ya tatu.

"Iko hivi," alimweleza mwenye nyumba, mshonaji mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. "Ruta hii kubwa ya mezani tunaiita mama. Zile mbili ndogo, ya koridoni na ya jikoni, ni watoto. Watoto wanachukua mtandao kwa mama, wanazipelekea kamera. Sasa ikifika saa nne, mama hasikiki."

"Na watoto wanafanyaje?"

"Wanamtafuta. Hawatulii mpaka wampate."

"Kumbe wanamtafuta!" Mama alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. "Hao wamelelewa."

Fundi hakuweza kucheka. Binti mkubwa wa mama huyu, aliyeishi ng'ambo na wadogo zake wawili, alikuwa amemwandikia meneja wa fundi: kamera zikizima tena mwezi huu, mama anahamishiwa nyumba ya wazee, na hapa panafungwa. Mama mwenyewe hakuwa ameambiwa. Fundi aliitazama cherehani dirishani, na sakafu chini yake iliyobonyea mahali pa nyayo. Miaka arobaini. Moyo ukamuuma kama vile ni kwao.

Akafungua kumbukumbu za mfumo. Saa nne kamera huzima. Saa nne na dakika tatu tahadhari hufika kwenye simu za binti na wadogo zake. Saa nne na dakika tano mmoja wao keshafungua picha. Jana hivyo, juzi hivyo. Saa nyingine zote, hakuna aliyefungua.

"Wanao wako makini, mama. Dakika mbili tu, wameshaitazama. Wanakuangalia kweli."

"Wananiangalia," mama aliitikia, macho kwenye saa ya ukutani.

Zilibaki dakika mbili kufika saa nne. Mama alikuwa amevaa gauni la kutokea, ingawa hakusema anakwenda popote.

"Fundi, hebu kanitazamie kamera ya uani. Naona kama nyigu wameanza kujenga pale."

Hakuwa amefika mlango wa nyuma, kipimo kikaporomoka. Akageuka mbio.

Ruta mama haikuonekana. Mahali pake palikuwa na sufuria kubwa iliyopinduliwa, ukingo wake umebonyezwa kidogo, kiasi cha kupitisha waya. Mshonaji ni mshonaji. Hata sufuria huibonyeza kwa kipimo. Mama mwenyewe alikuwa ameketi pembeni, mikono mapajani, mpole kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

Fundi aliizunguka ile sufuria akiikagua mpaka saa nne na dakika tano, simu ikalia. Sauti ya binti ilisikika mpaka koridoni.

"Mama! Picha zimekatika tena! Uko wapi? Umeanguka? Dawa umekunywa? Mbona unatutia presha hivi?"

"Nimekunywa, mwanangu. Hapana, goti la kushoto. La kulia ni mwaka jana."

Alipomaliza wa kwanza akapiga wa pili, kisha kitindamimba. Karibu saa nzima mama alihojiwa: kala nini, kalala vipi, kwa nini hajanunua viatu vya kuzuia kuteleza. Fundi aliinamisha kichwa. Mtu mzima, kugombezwa hivyo kila siku ya Mungu!

Mama alipoweka simu chini, fundi alichuchumaa mbele yake.

"Mama, sitamwambia mtu. Nimekuelewa."

"Umenielewa?"

"Kila mtu anataka walau saa moja bila macho ya watu. Hata mimi ningefunika."

Mama aliifuta sufuria kwa upindo wa gauni, ingawa haikuwa na vumbi.

"Basi usinitengenezee, mwanangu. Iache hivi hivi."

"Nikiiacha hivi watakuhamisha." Ikambidi amwambie yote, barua na nyumba ya wazee. Vidole vya mama vilitafuta uzi wa miwani, vikaushika.

Fundi alifikiri sana. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna kitabu cha kazi kilichomfundisha. Aliingia kwenye mfumo, akazima tahadhari zote za kuanzia saa nne mpaka saa tano, kila siku.

"Tumemaliza. Hakuna atakayekuhamisha."

"Na sufuria yangu?"

"Funika tu, mama. Ruksa."

Uso wa mama ulichanua. Alimsindikiza fundi mpaka getini, akamwombea dua ndefu. Jioni ile fundi aliandika kwenye ripoti, "Tatizo limekwisha," na kwa mara ya kwanza mwezi ule akahisi kazi yake ina maana.

Wiki moja baadaye, saa nne na nusu, mama alimpigia.

"Fundi, mwanangu, samahani kwa usumbufu. Mtandao hauna neno. Ni hii simu yangu, nadhani imeharibika."

"Imefanyaje, mama?"

"Leo siku ya saba nafunika sufuria, navaa, nakaa hapa karibu nayo. Hailii."