Hina Kwenye Diski

Hina ya Ruzuna ilikuwa bado mbichi alipoingia katika chumba cha seva cha hospitali, mikono juu kama mtu anayeomba dua. Shangazi yake, Bi Kije, alimfuata akihema.

"Bibi harusi hatoki nje! Akisikia mama mkwe wako?"

"Asikie. Si ndiye aliyesema nikishaolewa sirudi tena kazini?"

Katika safu ya diski, moja ilikuwa inawaka taa nyekundu. Zilizobaki zilikuwa zimebeba mzigo wake. Kama nyingine ingekufa, mafaili ya wagonjwa wa mji mzima yangepotea.

"Basi ngoja hina ikauke, mwanangu. Fundi wa hina kahangaika na maua hayo tangu asubuhi."

"Hii haitaningoja, shangazi."

"Nielekeze basi, niitoe mimi."

"Hapana. Hii kazi ni yangu."

Alibana kishikio kwa vidole vilevile vibichi, akaivuta diski iliyokufa. Ua lililochorwa kiganjani likavurugika lote. Bi Kije akaziba mdomo. Ruzuna akachukua diski mpya, akaisukuma ndani taratibu mpaka ikagota.

Taa ya kijani ikaanza kupepesa. Diski zilizobaki zilikuwa zinaijaza upya yaliyokuwa kwenye ile ya zamani.

"Kesho watakuuliza mkono umeufanya nini," shangazi akasema kwa sauti ya chini.

"Nitawaambia."

Chini ya taa ile, alama ya hina ya kidole cha Ruzuna ilikuwa imeanza kukauka. Bi Kije alimpa ncha ya kanga aifute. Ruzuna hakuipokea.