Kovu la Radi

Bi Eufrasia aliiweka picha mezani kwa mzee Anselmi, mchoraji aliyewachorea matajiri wa mji ule farasi wao tangu enzi ambazo barabara zilinuka nyasi na samadi. Pichani alikuwa Radi, farasi wa baba yake, hana doa hata moja.

"Mrudishie kovu lake la gotini, mzee wangu," alisema. "Aliumia siku aliponivusha mto nikiwa mtoto. Baba alikukataza kulichora."

"Wote walinikataza, mwanangu. Farasi wa pichani hakuruhusiwa kuumia."

"Sasa hata mimi nimesahau lilikuwa goti lipi."

Mzee hakushika brashi. Macho yake yalikuwa yameshafifia, kwa hiyo akapapasa rangi kwa kidole: goti la kushoto, kisha la kulia. Hapo kidole kikasimama. Rangi ilikuwa imetuna.

"Baba yako alikuja nimeshalichora," alisema. "Nililifunika tu."

Akachukua kisu chembamba, akaanza kukwangua taratibu. Bi Eufrasia akainama, akaishika meza kwa mikono miwili, kama mtoto aliye juu ya farasi, maji yakipanda.