Mkono wa Digna

“Kuna kaburi humu?” mwenyekiti wa baraza la ardhi aliuliza hata kabla hajashuka vizuri kwenye bodaboda.

Digna alitikisa kichwa. Shamba hili la Idete mume wake alilifyeka mwenyewe, likiwa pori tupu. Lakini marehemu alizikwa makaburi ya misheni, Ifakara, na hati hakuacha. Sasa jirani yao Tadei alikuwa amezuka akidai kwamba ardhi ni ya babu yake.

“Asiye na hati atuonyeshe alipozika,” mwenyekiti alisema. “Ndivyo tunavyoamua huku.”

“Mimi nalima, mzee. Angalia mwenyewe.”

Na kweli palikuwa pa kuangalia. Mpunga ulimfika mtu kifuani. Digna alikuwa na mkono wa kupanda, hilo halikuwa na ubishi. Vipande vya mihogo alivyotupa jalalani viliota. Nguzo za choo chake zilitoa majani, watu wakacheka mpaka wakachoka. Hata mti wa mbono aliouchomeka kichwani mwa kaburi la mumewe, kama wafanyavyo wote huku kutia kaburi alama, mwaka uleule ulimpita padri kimo.

Watu walimfuata na miche yao, naye hakujua kukataa. Tadei naye alikuja masika ya mwaka juzi, na vijiti vinne vya mbono mkononi.

“Shemeji, mwanangu ana vidonda mdomoni, nahitaji utomvu. Kwangu panatuama maji, kila nikipanda kinaoza. Hebu nioteshee pembeni mwa shamba lako.”

Mahali alichagua Tadei mwenyewe. Aliinua tuta refu ili mafuriko yasifike, Digna akachomeka viwili mwanzo wa tuta, viwili mwisho. Walikuwa wawili tu siku hiyo. Baadaye Digna alivipalilia, akavifurahia kama vyake.

Leo hakuwa na wa kumsemea. Wazee wa baraza walimtazama, na alijiona amekwisha kabisa.

“Na wewe?” Mwenyekiti alimgeukia Tadei.

Tadei alitangulia kupita katikati ya mpunga, wazee wakamfuata, Digna akawa wa mwisho, haelewi wanakwenda wapi. Walisimama kwenye ile mibono. Ilikuwa imefungamana juu, majani yamemwagika hadi chini.

Mwenyekiti alishika shina moja, mkono haukulizunguka. “Hii si miti ya juzi,” aliwaambia wenzake. “Ina miaka mingi hii.”

Digna alitabasamu bila kutaka. Ndivyo alivyokuwa kila mimea yake iliposifiwa.

Tadei alivua kofia, akapiga magoti mbele ya tuta.

“Shikamoo, babu,” alisema. “Nimekuletea wageni.”