Maneno Mia kwa Dakika

"Mama Kornelio, za asubuhi?" Fausta aliita kutoka kwenye genge lake la nyanya.

Mama Kornelio akapita kama hakusikia, kikapu mkononi, macho mbele. Nyuma yake Yunis, mpangaji wake, alitamani ardhi ya Kilosa impasukie aingie.

Hiyo ilikuwa siku ya nne. Miaka thelathini wanawake hawa wawili waliazimana chumvi na kutunziana siri, na sasa hata salamu haipokelewi. Fausta hakujua amefanya nini. Kwa kweli hakuwa amefanya kitu. Aliyefanya alikuwa Yunis.

Yunis alikuwa anamalizia masomo katika chuo cha biashara, kimojawapo cha vile vilivyochipuka serikali iliporuhusu watu binafsi kufungua vyuo. Darasa lilikuwa ndani ya lililokuwa duka la ushirika, taipureta sita kwa wanafunzi ishirini. Somo alilolipenda ni hatimkato, yale maandishi ya vistari na vinukta ambayo mhazili huyachora mtu akiwa bado anaongea. Mwezi uliopita Mwalimu Melkizedek alitangaza kwamba mwekezaji mmoja, aliyenunua shamba la mkonge upande wa Rudewa, anataka mhazili. Angempendekeza yule atakayesoma mbele ya darasa mazungumzo halisi aliyoyanasa vizuri kuliko wenzake.

"Sitaki ya vitabuni," alisema. "Kaeni na watu, waandikeni wanavyoongea."

Basi kila mchana Yunis alikaa barazani na Mama Kornelio, mama akichambua mchele, yeye akiandika. Na mama hakukaukiwa na maneno. Alisimulia ujana wake katika ofisi ya meneja wa mkonge. Kazi yenyewe hakuitaja, Yunis akajijazia kichwani: birika la chai na ufagio.

"Mwalimu wenu amewafundisha kwamba anayeandika hasemi anayoyasikia?" mama aliuliza siku moja.

"Tunafundishwa kasi tu, Mama."

Mama alicheka. Akachambua ungo mzima, kisha, bila kuulizwa, akatoa jambo ambalo miaka yote alikuwa amemwambia Fausta peke yake: Kornelio, mwanawe wa pekee, mwenye hoteli ndogo ya chakula Mikumi pale malori yanaposimama, hakuwa mtoto wa marehemu mumewe. Penseli ya Yunis haikusimama. Maneno mia kwa dakika, na hakuna lililodondoka.

Angeweza kusoma darasani habari za mchele, au za mvua. Akasoma hiyo. Hakutaja jina, akajifariji kwa hilo. Melkizedek akampa tisini na sita. Lakini Kilosa nzima nani asiyejua Yunis amepanga kwa nani? Wiki haikuisha, habari ikawa sokoni, ilikoanzia imeshasahaulika. Wiki ya pili ikapanda basi hadi Mikumi. Jumapili Kornelio akatuma ujumbe kwa kondakta: Pasaka hii asisubiriwe, na nyingine pia.

Mama Kornelio hakulia mbele ya mtu. Alisema tu, "Waliojua ni wawili, wewe na Fausta. Wewe sikukushuku hata kidogo."

"Kwa nini, Mama?"

"Kwa sababu ya hiyo kazi unayosomea."

Hapo ndipo Yunis angesema, na mdomo ukakataa. Jumatatu alijaribu tena wakiosha vyombo, akaishia kuuliza kama sabuni imekwisha. Jumatano alianza vizuri kabisa, "Mama, nina neno," na mama alipogeuka akasema kichwa kinamuuma. Akapewa vidonge, akapikiwa uji.

Barua ya kazi ilikuwa begini tayari, imepigwa chapa safi, jina lake juu. Akisema, mama ataipeleka habari chuoni na barua itachanika. Aliichukia barua ile, na bado hakutaka kuipoteza. Hilo ndilo lililomtia aibu kuliko yote.

Alhamisi hiyo, walipotoka sokoni, Yunis alikaa mezani akafungua daftari lake. Kwa hatimkato angalau maneno yalitoka. Aliandika kwamba ni yeye aliyesoma siri ya mama mbele ya watu ishirini kwa ajili ya kazi, kwamba Fausta hana kosa hata chembe, kwamba anaogopa. Hakuwa anamwandikia mtu, alikuwa anatua mzigo. Akaliacha daftari wazi kama alivyoliacha siku zote, maana katika nyumba ile vistari vyake vilikuwa salama kuliko sanduku lenye kufuli. Akachukua ndoo, akaenda bombani.

Foleni ilikuwa ndefu, akapata muda wa kufikiri. Njiani kurudi akaamua: leo, kwa mdomo, kabla ya chakula, kazi ipotee ikipotea. Aliijaribu sentensi ya kwanza kwa sauti ndogo, mara tatu, na mara ya tatu ikatoka yote.

Nyumba ilikuwa kimya. Kandambili za mama hazikuwepo mlangoni.

Mezani, chini ya mstari wake wa mwisho, palikuwa na mistari mingine ya hatimkato, minene na myembamba kila mmoja mahali pake, safi kuliko ya Mwalimu Melkizedek. Yunis aliisoma ndoo ikiwa bado kichwani.

"Mstari wa tano umekosea alama mbili, lakini nimeelewa. Nimekwenda kwa Fausta kuomba radhi. Nikirudi nisikukute."