Swali la Saada

Katika benki ile, iliyosimamia mauzo ya kampuni, kila kampuni iliyokuwa ikiuzwa ilipewa timu yake na chumba chake, na aliyekuwa nje ya chumba hakuuliza. Tunu aliongoza timu iliyokuwa ikiuza kiwanda cha nguo. Asubuhi hiyo alikuwa ameambiwa kwamba mnunuzi atakifunga.

Mchana, mdogo wake Saada, aliyefanya kazi idara nyingine ya benki hiyohiyo, alimfuata kantini akiwa na fomu ya mkopo wa nyumba.

"Kheri ameshasaini," alisema. Kheri, mumewe, alikuwa fundi mkuu wa kiwanda kile. "Saa tisa naipeleka. Unaonaje, dada?"

Tunu aliitazama sahihi ya shemeji yake. Akitamka neno moja tu, yeye mwenyewe angefukuzwa kazi, na mauzo yote yangevunjika.

"Chakula kinapoa," alisema.

Saada hakugusa sahani. Alikuwa na miaka sita katika benki hiyo, na alijua jinsi watu wa vyumba vile wanavyonyamaza swali linapogusa kampuni wanayoiuza.

"Nimekuuliza, dada."

"Nimekusikia."

Saada akaikunja fomu taratibu, akaitia mkobani, akatoka. Hapo Tunu akatambua kwamba kunyamaza kwake kumeshasema.

Akapanda ngazi hadi kwa Bwana Mbelwa, aliyesimamia siri za mauzo.

"Niondoe kwenye timu," alisema kabla hajakaa.

Bwana Mbelwa akaweka kalamu chini. "Umesema nini, na kwa nani?"

Dirishani, Tunu alimwona Saada amesimama uani kwenye jua kali, simu sikioni, bado hajafungua kinywa.