Njaa Isiyokuwa Yangu

Mwezi wa Ramadhani ukiandama, bangili tunazovaa wakazi wote wa jengo letu, zinazounganisha hisia zetu, huwashwa, na njaa ya kila aliyefunga tunaisikia sote, hata mimi Nekesa mwenye msalaba ukutani. Adhana ya magharibi ikilia, utamu wa tende hutufika vinywani watu mia tatu kwa pamoja, na njaa hutuachia. Kila siku utamu huo hunitoa machozi.

Jana njaa haikutuachia yote. Nikadhani ni yangu, nikala kaimati sita. Wapi!

Nikatoka. Bi Raya, jirani yangu, alikuwa ngazini na bakuli la uji wa pilipili manga.

"Nawe unaisikia, mwanangu?"

Hasmukh, jirani mwingine, naye akatokeza na sufuria ya choroko. Tukapanda tukiifuata njaa ile, iliyozidi kila tulipoikaribia, milango ikifunguka kila ghorofa, mpaka ngazi zikajaa watu na vyakula.

Juu kabisa, mzee mmoja akatufungulia. Mikono ilimtetemeka, kopo la tende lilikuwa limemshinda kufungua. Bi Raya akamtia tende mdomoni. Jengo zima likashusha pumzi.

"Samahani, baba," nikasema, "unaitwa nani?"

Alikuwa ameishi nasi miaka tisa.