Waya Uliokuwa Ukining'inia

Kompyuta za hospitali nzima ziligoma asubuhi, wagonjwa wakajazana. Kibwana, fundi wa mtandao, aliufuata waya mmoja hadi maabara, akakuta ncha zake zote mbili zimechomekwa ukutani. Data ilizunguka humohumo ikafurika kila mahali.

"Nimechomeka mimi," alinong'ona Bi Mashavu, mfagizi. "Ulikuwa unaning'inia, mwanangu. Uliniudhi."

Mganga mkuu aliingia amefura. "Nani kafanya hivi?"

"Swichi inayogawa mtandao sikuiwekea kikomo," alijibu Kibwana. "Kosa langu."

Alichomoa ncha moja, na majina ya wagonjwa yakaanza kuitwa tena. Akaiwekea swichi kikomo: tundu la waya litakalofurika data lijizime peke yake. Kisha akampa Bi Mashavu ile ncha.

"Chomeka tena, mama."

Akachomeka. Kwenye swichi taa ya tundu hilo ikazimika. Ukumbini, majina yaliendelea kuitwa.